Daktari Mwenye Mwana Askari: Tamthilia ya Diagnosis: Murder na Mochari Zetu

Mama mkubwa alishika rimoti akasimamisha picha. Kwenye skrini mzee mrefu mwenye nywele nyeupe, koti la daktari mwilini, alikuwa ametoka kuitazama maiti na sasa ameketi na mjane wa marehemu anamhoji. Ulikuwa wapi usiku ule? Nani mwingine ana ufunguo?

"Huyu si daktari?" Mama mkubwa akaniuliza.

"Ni daktari, Mama."

"Sasa mbona anauliza maswali ya polisi? Nani amemtuma?"

Tulikuwa sebuleni kwake Nyalenda, mtaa wa Kisumu, Jumapili alasiri, milango wazi kwa ajili ya joto la ziwa. Sikuwa na jibu la haraka. Mama mkubwa haulizi jambo kama hilo kwa kupitisha muda. Mwaka mmoja kabla ya hapo alimzika mwanawe, ndugu yangu, aliyetolewa ziwani akiwa maiti, na kabla ya kumzika tulipitia njia yote: kituo cha polisi, mochari, fomu, daktari, kibali cha mazishi. Anajua vizuri kwamba hakuna anayeigusa maiti ya namna hiyo kabla mtu fulani hajamtuma. Nimeandika haya kumjibu, kwa sababu siku ile nilimjibu nusu nusu.

Tamthilia tuliyokuwa tukiitazama inaitwa Diagnosis: Murder. Kituo cha CBS cha Marekani kilianza kuionyesha Oktoba 1993, ikafika tamati Mei 2001 baada ya misimu 8 na vipindi 178. Mhusika wake mkuu alijitokeza kwanza mwaka 1991 katika kipindi kimoja cha tamthilia nyingine ya CBS, kisha zikatengenezwa filamu tatu za televisheni kabla hajapewa kipindi chake mwenyewe. Ni Dakta Mark Sloan, mkuu wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya kubuni ya Los Angeles iitwayo Community General, na papo hapo mshauri wa polisi wa jiji hilo. Anayemwigiza ni Dick Van Dyke, mchekeshaji na mchezaji dansi wa miaka mingi, ambaye alikuwa na miaka 67 kipindi kilipoanza. Daktari wake ni mtu wa bashasha. Wagonjwa wanampenda, wauguzi wanampenda, na muuaji naye humpenda mpaka dakika anapotajwa jina.

Pembeni mwake wako watatu. Yuko daktari kijana: misimu ya mwanzo ni Jack Stewart, baadaye Jesse Travis. Yuko Amanda Bentley, mwanapatholojia, anayefanya kazi chini kule kwenye mochari ya hospitali. Na yuko Steve Sloan, mpelelezi wa kesi za mauaji katika polisi ya Los Angeles, mwana wa kuzaa wa daktari. Uhusiano huo haukuishia kwenye kamera, kwa kuwa Steve aliigizwa na Barry Van Dyke, mwana halisi wa Dick. Katika hadithi, baba na mwana wanaishi nyumba moja ufukweni. Kesi inaanzia kazini na kumalizikia jikoni, baba akimwambia mwana alichokiona kwenye damu, mwana akimwambia baba aliyekamatwa asubuhi.

Mpango huo unapendeza kuutazama. Ni mpango huohuo ambao, ukiutoa kwenye skrini na kuuleta huku kwetu, ungetufanya tulale macho wazi. Nitaurudia.

Kwanza tukubali kwamba waandishi wa tamthilia hawakubahatisha walipomfanya daktari mpelelezi. Lugha yetu inalijua jambo hili. Daktari hufanya uchunguzi, polisi hufanya uchunguzi. Daktari hutafuta dalili, mpelelezi hutafuta dalili. Arthur Conan Doyle, aliyemuumba Sherlock Holmes, alikuwa daktari, na alikiri kwamba Holmes alimchora kwa kumwangalia mwalimu wake wa udaktari kule Edinburgh, Joseph Bell. Bell alikuwa na sifa ya kumtazama mgonjwa akiingia tu, viatu vyake, mikono yake, mwendo wake, akaeleza ni fundi wa nini na ametokea wapi kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Kutoka alama ndogo kwenda kwenye chanzo: hiyo ni kazi ya zahanati, na ni kazi ya upelelezi pia.

Lakini njia zinaachana mahali. Daktari wa wagonjwa anaruhusiwa kukosea kisha akajisahihisha. Anadhani ni malaria, anatoa dawa, homa haishuki siku ya tatu, anapima taifodi. Mgonjwa yupo, anasema, anarudi. Uamuzi wa leo unarekebishwa kesho. Maiti hairudi kliniki. Ikishazikwa, kuifukua kunahitaji amri ya mahakama, na kila siku udongoni inapungua kitu cha kusema. Tena dhana ya daktari wa wagonjwa haimpeleki mtu jela, ilhali ya daktari wa maiti inaweza. Dakta Sloan ana tabia za daktari wa wagonjwa: ana wazo asubuhi, analijaribu mchana, analibadili jioni. Kwa homa ni tabia nzuri. Kwa kesi ya mauaji, wakili wa mshtakiwa angeichana vipande vipande.

Sasa swali la Mama mkubwa: nani humtuma?

Nchini Kenya daktari hutumwa na sheria, kupitia polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 386, inamtaka polisi anayepata habari za mtu aliyejiua, aliyeuawa na mwingine, na mnyama, na mashine au kwa ajali, au aliyekufa katika mazingira ya kutia shaka, achunguze na apeleke taarifa kwa hakimu. Mtu akifia mikononi mwa polisi au gerezani, kifungu kinachofuata kinamfanya hakimu mwenyewe ahusike. Kikao hicho cha hakimu cha kutafuta chanzo cha kifo Wakenya wengi wanakijua kwa jina la inkwesti. Hakina mshtakiwa. Hakimu husikiliza mashahidi, akiwemo daktari, kisha huamua kama kuna mtu wa kushtakiwa.

Kwa hiyo mambo huanza kwenye kitabu cha matukio kituoni, ile OB, ambako kifo kinapewa namba. Ndipo polisi hujaza sehemu yake ya fomu namba 23A: marehemu ni nani, alipatikana wapi, inadhaniwa nini. Ndugu wawili huingia mochari kumtambua, na majina yao huandikwa. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili. Daktari husoma karatasi ile kabla hajashika kisu, kisha huandika sehemu yake, kuanzia nguo alizovaa marehemu na hali ya ngozi, kiungo kwa kiungo, hadi mstari wa mwisho wenye maneno machache kuliko yote: sababu ya kifo. Fomu ya P3, ambayo watu huitaja sana, ni jambo jingine. Hiyo ni ya aliyejeruhiwa akiwa hai, ili maumivu yake yafike mahakamani.

Hata Los Angeles halisi hakuna daktari wa wadi anayejituma. Kaunti ile ina ofisi yake ya kuchunguza vifo, na kifo cha kutia shaka kikitokea, maiti huwa chini ya mamlaka ya ofisi hiyo kisheria. Hospitali haina neno, na polisi hawana neno. Huku kwetu Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya namna hiyo mwaka 2017. Miaka ikapita bila huduma yenyewe kuanza. Nadhani hilo ni mojawapo ya mambo ya kusikitisha zaidi katika haki ya jinai nchini, na halizungumzwi kwa sababu wanaoumizwa nalo hawawezi kuandamana.

Baada ya kutumwa, daktari anaweza kusema nini? Hapa ndipo tamthilia hufupisha kuliko mahali pengine popote.

Kuna maswali mawili ambayo sinema huyasonga pamoja kama unga mmoja. La kwanza ni sababu ya kifo: kitu gani kilikatiza uhai mwilini? Jeraha la kichwa, damu kuisha, kukabwa shingo, sumu, maji. La pili ni namna ya kifo: yalikuwa maradhi, ajali, alijiua au aliuawa? Jibu la kwanza liko mwilini, na daktari mzuri akipewa nafasi hulipata mara nyingi. Jibu la pili mara nyingi mwili unalo nusu tu. Nusu nyingine iko mahali tukio lilipotokea, kwenye simu ya marehemu, kwenye kinywa cha jirani aliyesikia kelele akafunga dirisha.

Ziwa ndilo mwalimu wa jambo hili. Chukua watu watatu waliokufa maji karibu na ufuo wa Dunga usiku mmoja: mmoja aliteleza kwenye mashua, mwingine aliruka kwa hiari yake, wa tatu alisukumwa. Walaze kwenye meza tatu. Kama aliyesukumwa hakushikwa kwa nguvu za kuacha michubuko, daktari ataandika maneno yaleyale mara tatu. Dakta Sloan angeona ukucha uliovunjika au uzi wa shati la muuaji kiganjani, na kipindi kingeendelea. Maji ya ziwa huosha uzi, na kucha za mvuvi zimevunjika tangu zamani.

Hata kusema kwamba mtu alikufa maji si kazi ya kutazama mara moja. Mwili ukitolewa mapema, kunaweza kuwa na povu jeupe laini puani na mdomoni, linalorudi hata likifutwa, na mapafu yaliyovimba, mazito. Siku zikipita povu hupotea na mapafu huharibika, alama hizo zisionekane tena. Kuna kipimo cha viumbe vidogo mno vya majini, jamii ya mwani, viitwavyo diatomu, vyenye ganda gumu. Hoja yake ni kwamba mtu anayevuta maji akiwa hai, moyo wake ungali unapiga, na damu hubeba diatomu hadi ndani ya uboho wa mifupa. Aliyetupwa akiwa tayari amekufa hana mzunguko wa kuzipeleka huko. Hoja ni nzuri, lakini wataalamu hawajaafikiana kuhusu kipimo hicho, kwa kuwa diatomu zimeenea kila mahali na zinaweza kuingia kwenye sampuli kwa njia nyingine.

Halafu kuna majeraha. Samaki hula midomo na masikio. Propela ya injini hukata kama panga. Ndugu wanaoona mwili uliokatwa hivyo huamini palepale kwamba mtu wao alichinjwa, na siwalaumu, nami niliamini hivyo. Daktari hutazama kama damu iliingia ndani ya nyama pembeni mwa kidonda, kama pamevimba, kwa sababu mwili ulio hai hulijibu jeraha na mwili mfu haujibu. Ila maji yakikaa ndani ya kidonda kwa siku kadhaa huisafisha damu ile, na jibu linakuwa gumu hata kwa mtu mwenye uzoefu.

Saa ya kifo ndiyo kipenzi cha tamthilia za aina hii. Mtaalamu anainama, anagusa, anasema: kati ya saa nne na saa sita usiku. Mshukiwa alikuwa dansini saa hizo, basi si yeye. Msingi wa kweli upo, nao una miguu mitatu. Mwili hupoa kutoka nyuzi 37 hadi kufikia joto la mahali ulipo. Misuli hukakamaa, kuanzia usoni na shingoni baada ya saa chache, mwili wote ukawa mgumu kama ubao karibu saa 12, kisha ukalegea tena. Na damu, ikikosa moyo wa kuisukuma, hutuama upande wa chini na kuacha rangi ya zambarau, ambayo baada ya saa kadhaa haihami hata mwili ukigeuzwa. Rangi hiyo ikiwa mgongoni ilhali mtu alikutwa amelala kifudifudi, ujue kuna aliyemgeuza.

Sasa ulete ujuzi huo Kisumu saa tisa mchana, ndani ya nyumba ya mabati. Joto la chumba linakaribia la mwili, pengine linalipita. Mwili utapoa kwenda wapi? Hesabu ya kipimajoto, inayofanya kazi vizuri kidogo katika nchi za baridi, hapa haina la kusema. Kukakamaa nako huja haraka na kuondoka haraka kwenye joto. Ndiyo maana daktari muungwana wa huku, akiulizwa na wakili saa kamili, hutoa kipindi kirefu, au huuliza alionekana hai mara ya mwisho lini. Jirani aliyemuuzia marehemu mandazi asubuhi anaweza kuwa saa sahihi kuliko kipimajoto.

Sumu pia. Kwenye televisheni Amanda hupeleka damu maabara kabla ya matangazo ya biashara, na baada ya matangazo jibu liko mkononi. Kwetu sampuli za damu, ini na vilivyomo tumboni hufungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, na kila anayezipokea hutia sahihi, ili siku ya kesi asitokee mtu wa kuuliza chupa ile ililala wapi. Jibu huchukua majuma, wakati mwingine miezi.

Na hapa kuna jambo ambalo laiti kila familia ingelijua. Mochari zetu, kwa sababu ya joto na kwa sababu mazishi yetu hungoja watu wa mbali wafike, huutia mwili dawa mapema. Anayefanya hivyo ana nia njema. Anataka mkutane na mtu wenu akiwa na sura yake. Lakini formalini inayoingizwa kwenye mishipa huchukua nafasi ya damu, hubadilisha vipimo vya pombe, na sumu kama sayanidi huweza kupotea kabisa isionekane. Sindano yenyewe huacha tundu jipya. Mkishuku kifo, semeni mlangoni, siku ya kwanza, kabla mwili haujatiwa dawa: huyu ni wa upasuaji. Na mna haki ya kuomba daktari wenu awepo pembeni wakati wa upasuaji. Sisi hatukulijua hilo.

Narudi sasa kwa baba na mwana wanaokula meza moja.

Kwenye Diagnosis: Murder, daktari na polisi wako upande mmoja daima. Wanamtafuta muuaji, na muuaji ni mtu mwingine: tajiri, mke, mshirika wa biashara. Mtazamaji hana sababu ya kuogopa kwamba Steve anamwambia baba yake aandike nini. Lakini fikiria siku ambayo anayeshukiwa ni polisi. Nani atakayeamini fomu iliyotiwa sahihi na baba yake?

Watu wa ukanda huu hawahitaji kulifikiria kwa mbali. Februari 1990 Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulikutwa kwenye kilima cha Got Alila, umeungua, kichwani jeraha la risasi, bastola na mtungi wa mafuta karibu. Mapema kabisa nadharia ya kwamba alijiua ilitolewa: kwamba mtu alijimwagia mafuta, akajichoma, akajipiga risasi. John Troon, mpelelezi aliyeletwa kutoka Scotland Yard, polisi ya London, aliikataa. Hitimisho lake lilikuwa mauaji. Tume iliyoongozwa na Jaji Evans Gicheru ilianza vikao mwaka huohuo na ikavunjwa na serikali Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi. Hakuna aliyehukumiwa hadi leo. Waliokuwa watu wazima wakati ule, ukitaja daktari wa serikali mbele yao, bado wanakutazama kwanza.

Agosti 2017 mtoto wa miezi sita, aliyejulikana nchi nzima kama Baby Pendo, alikufa kwa majeraha ya kichwa baada ya polisi kuingia nyumbani kwao hapa Nyalenda katika ghasia za uchaguzi. Mwili mdogo kiasi kile ulikuwa na jambo moja la kusema, na ulilisema. Inkwesti ilifanyika Kisumu, na Februari 2019 hakimu akaamua kwamba polisi walihusika.

Halafu Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu mwenye miaka 31, alikamatwa Homa Bay, akapelekwa Nairobi, na usiku uleule akafa mikononi mwa polisi. Taarifa ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani kwenye seli. Siku chache baadaye jopo la wanapatholojia likiongozwa na mwanapatholojia wa serikali, Dkt. Bernard Midia, lilitoa matokeo hadharani: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na majeraha mengi mwili mzima. Midia alieleza kwa maneno ya kawaida kwamba anayejigonga ukutani mwenyewe angekuwa na alama za namna nyingine, na kwamba majeraha yale hayakuelekea kuwa ya kujitia. Mkuu wa polisi alilazimika kuomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza. Tazama alichofanya daktari yule. Hakutaja muuaji na hakumhoji yeyote. Aliulizwa mwili unasema nini, akajibu hilo tu, na jibu lake likatosha kuiangusha hadithi nzima kwa sababu hakuwa baba wa mtu yeyote aliyeandika hadithi hiyo.

Mwanzoni mwa 2022 ilijulikana kwamba miili ipatayo 20 iliyotolewa mto Yala ilikuwa imerundikana mochari ya hospitali ya Yala, mingine ina dalili za mateso, na wengi wao hawakuwa na majina. Hapo hata sababu ya kifo ikijulikana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kila kipindi cha tamthilia huanza na marehemu mwenye jina, nyumba, mke na maadui. Mtu asiye na jina hana maadui wa kuhojiwa.

Mahakamani nako daktari ana kimo chake. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 48, inamkubali mtaalamu atoe maoni. Neno lenyewe ni hilo: maoni. Hakimu huyapima pamoja na ushahidi mwingine, na anaweza kuyaacha akieleza sababu. Daktari anayesimama kizimbani na kusema "sijui" inapostahili namheshimu zaidi ya anayejua kila kitu, na nimeona kwamba wanasheria wazuri nao humheshimu hivyo.

Ndugu yangu tulimngojea daktari siku nne, kwa kuwa mtaalamu mmoja alikuwa anahudumia hospitali kadhaa. Mochari ile sitaitaja. Alipomaliza alitoka nje, amevua glavu, akatukuta chini ya mwembe: Mama mkubwa, wajomba wawili, mimi, na konstebo aliyeleta fomu. Wajomba walitaka kusikia neno moja, maana walijua kulikuwa na ugomvi wa nyavu. Daktari akasema alikuwa hai alipoingia majini. Yale majeraha ya usoni yalikuja baadaye, ya samaki. Hakuona alama ya kushikwa wala ya kupigwa, na baada ya siku zile majini asingeweza kuapa kwamba haikuwepo.

"Nani alikuwa naye kwenye mashua, Mama, hilo mwili hauniambii," akamwambia Mama mkubwa. "Si langu."

"Ni la nani?"

Daktari akamgeukia konstebo. Konstebo akakunja fomu mara mbili akaitia mfukoni.

Jumapili ile, baada ya kuyasema mengi kati ya haya, Mama mkubwa aliwasha picha tena. Zilibaki dakika kama kumi. Dakta Sloan alimweka muuaji kwenye kiti, akamweleza alivyofanya hatua kwa hatua, na muuaji akakiri. Steve akatoka nyuma ya mlango na pingu.

Mama mkubwa aliinuka akaingia chumbani. Alirudi na bahasha ya kaki, akaketi, akatoa nakala ya fomu akaisoma tena taratibu kwa kidole, mpaka kwenye mstari wa mwisho: kuzama majini. Nyuma ya karatasi nilikuwa nimeandika namba ya OB kwa kalamu nyekundu, na chini yake tarehe tano, siku tano alizokwenda kituoni kuulizia jalada la hakimu.

"Nipe kalamu," akasema. "Kesho naenda tena."